Kiti cha Mzee Tutaangalia

Makao makuu, ghorofa ya saba
Jumatatu, 8 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hatufiki popote. Nikianza kusema la maana unaniambia ngoja kuna mteja, na ukiwa nyumbani mdogo wangu, huyo mumeo, anakaa karibu na kujibu maswali asiyoulizwa. Barua hii inasafiri na dereva ndani ya mfuko wa ofisi. Anatoka huku kila Jumatatu, huko anaondoka Alhamisi. Nimeibandika gundi mara mbili maana namjua.

Habari yenyewe ni hii. Mkuu wenu wa tawi anastaafu mwisho wa Juni. Naam, Mzee Tutaangalia mwenyewe, ambaye sijawahi kumsikia akitoa jibu jingine. Kiti chake kinatangazwa wiki hii, na safari hii mtu yeyote wa ndani ya Mamlaka ya Maji mwenye miaka kumi kazini anaweza kuomba. Wewe una kumi na miwili, na yote umeimalizia kwenye dirisha la malalamiko.

Nataka uombe. Sisemi hivi kwa kuwa wewe ni wifi yangu. Ripoti za tawi lenu zinafika mezani kwangu, na mambo yaliyokwisha ni yale yaliyopitia kwako. Ya Mzee yamelala usingizi. Mwisho wa kuomba ni tarehe 9 Aprili. Usikatae wito, kataa neno. Omba kwanza, mengine tutajua mbele.

Mwambie binti shangazi anasema asome.

Wifi yako

*

Dirishani
Alhamisi, 11 Machi

Wifi,

Gundi yako imemshinda dereva. Alinikabidhi barua huku ananitazama usoni kama daktari anayengoja mgonjwa aseme panauma wapi. Sikumwambia kitu.

Ahsante kwa kunifikiria. Jibu langu ni hapana, na usilichukue vibaya. Nikusimulie siku ya leo ili unielewe.

Mteja wa kwanza alikuja na chupa ya maji ya rangi ya chai, akaiweka mbele yangu akaniambia ninywe. Nikamwambia mgeni hutangulia. Tukatazamana, kisha tukacheka wote, na fundi wetu wa mabomba akatoka kwenda kwa mteja huyo kabla hajamaliza kucheka. Akaja mama wa nyuma ya shule, bomba lake kavu mwezi wa pili huu, na jirani yake anaosha gari kila asubuhi. Halafu mwalimu mstaafu, ambaye hana malalamiko. Huyu huja kila wiki kuniambia maji yametoka, kwa sababu anasema na hilo mtu anapaswa kulisema. Saa nne nilikunywa chai, fundi akarudi akanilia nusu ya mkate. Mzee Tutaangalia alitoka mara moja, akaiona foleni, akasema neno lake na kurudi ndani.

Saa kumi na nusu ninashusha dirisha na ofisi inabaki nyuma yangu. Nampitia binti shuleni, tunarudi kwa njia ya nyuma ananieleza nani kagombana na nani. Nafika nyumbani jua lipo, navua viatu, mdogo wako ameshainjika chai. Mzee ana simu mbili na zote zinamlilia hata Jumapili. Kiti chake sikitaki, wifi. Nimeridhika.

Wako wa dirishani

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 15 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nakula chakula cha mchana saa kumi, juu ya meza ya kazi, nikacheka mpaka katibu wangu akachungulia mlangoni. Huyo bwana wa chupa nimempenda.

Lakini tusizungushane. Uliyoandika ni matamu, ila hayajibu nilichokuuliza. Shuleni ulikuwa wa kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyenisimulia kabla hajakuoa, tena kwa majivuno kana kwamba mtihani aliufanya yeye. Mtu wa namna hiyo hakai dirishani miaka kumi na miwili kwa raha zake. Nakwambia kwa kuwa hakuna mwingine atakayekwambia: wewe hujaridhika, unaogopa, na woga umeuzoea mpaka unauita raha.

Ndivyo ninavyoona. Ukikasirika, kasirika.

Wifi yako

Hivi huko saa kumi na nusu jua linakuwepo kweli?

*

Dirishani
Alhamisi, 18 Machi

Wifi, salamu.

Barua imefika. Nyumbani wazima. Mdogo wako anakusalimu. Binti anakusalimu, amekuwa wa tatu katika hesabu.

Ndiyo, jua linakuwepo.

Wako

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 29 Machi

Wifi yangu,

Umenijibu kama mtu anayejibu barua ya benki, na nimestahili. Nimekaa na mistari yako mitano wiki nzima. Nisamehe. Ulimi wangu umezoea vikao, unasahau nyumbani. Umekataa, nimeelewa, na habari ya kile kiti sitaitaja tena.

Nina maswali mawili madogo. Ile nyumba iliyo jirani na yenu, yenye mlango wa buluu, bado iko wazi? Kuna mwenzangu mmoja wa huku ofisini anafikiria kuhamia upande huo. Mtu mzima, hana makelele. Na la pili: kama mtu angetaka kulinyoosha tawi lenu, angeanzia wapi? Nauliza kwa ajili ya ripoti tu.

Mbusu binti.

Wifi yako

*

Dirishani
Alhamisi, 1 Aprili

Wifi,

Yamekwisha. Nilinuna siku tatu, siku ya nne mdogo wako aliniambia nikinuna nafanana na wewe, nikaacha.

Nyumba iko wazi. Mwenye nyumba ni mama mmoja mgumu kidogo, hataki mbwa wala mpiga ngoma. Lakini jiko lake linapata mwanga tangu asubuhi, na nyuma ya ukuta ni kwetu, kwa hiyo mwenzako akipungukiwa chumvi atagonga tu. Tawi nalo, mwambie mwandika ripoti aanzie bomba la nyuma ya shule. Likitengenezwa hilo, theluthi ya foleni yangu itabaki nyumbani. Kisha fundi apewe pikipiki inayowaka, maana iliyopo anaisukuma yeye kuliko inavyombeba. Na mtu akilalamika ajibiwe, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani. Watu hawakasirishwi na hapana kama wanavyokasirishwa na tutaangalia.

Nami nina swali. Binti wa jirani yetu anangoja kuitwa kwenye usaili, ni mara yake ya kwanza, roho inampapatika. Wewe umekaa pande zote mbili za ile meza. Nimwambie nini?

Wako wa dirishani

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 5 Aprili

Wifi,

Ahsante kwa habari za tawi, zimenisaidia kuliko unavyodhani. Mwenzangu naye amefurahia lile jiko.

Mwambie binti huyo asijisifu kwamba ni mchapakazi. Kila anayeingia husema hivyo, hata wavivu, na wao ndio husema kwa sauti zaidi. Achague jambo moja alilolifanya kwa mikono yake, alieleze lote. Asichokijua aseme hakijui. Akae kitini vizuri mpaka mgongo uguse, asikae pembeni kama mtu anayetaka kukimbia. Na avae viatu alivyokwisha kuvizoea.

Mwambie pia kwamba wale wa upande wa pili nao huwa na njaa na wanataka kwenda nyumbani.

Wifi yako

*

Dirishani
Alhamisi, 22 Aprili

Wifi,

Nimeshika kalamu tangu jana. Sijui nianze na samahani au nianze na kucheka.

Nilipokukuta juzi kwenye ile korido ya makao makuu, umekaa kwenye kiti cha plastiki na koti lako la kijivu, nilidhani umeijua siri yangu na umekuja kunitia moyo. Ndiyo maana nilikukumbatia nikakushukuru kwa kuja. Wewe ukaniuliza kama mdogo wako mgonjwa. Tukakaa pale tunazungumzia homa ambayo hakuna aliyekuwa nayo, mpaka yule bwana alipofungua mlango akasema waombaji wa ukuu wa tawi wamebaki wawili, nani anatangulia. Tukainuka wote.

Ukaingia, ukatoka, ukanipita kuelekea kwenye ngazi bila neno, na lifti ilikuwa wazi. Nimeumia sana.

Sikiliza basi kwa nini niliomba. Ulisema naogopa. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo, na sikuweza kukujibu kwa kuwa sikujua kama ni kweli. Nikaona njia ya kujua ni moja, niingie mle ndani nione. Sikukwambia, kwa sababu ningeanguka ungeniliwaza, na kuliwazwa na wewe nisingeweza. Sikujua kabisa kwamba na wewe unaomba. Ningejua nisingekanyaga pale.

Ushauri uliompa binti wa jirani ulinifaa sana. Hakuna binti wa jirani.

Niandikie, hata kama ni tusi.

Wako

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 26 Aprili

Wifi,

Mimi nami sina mwenzangu anayetafuta nyumba. Anayeitafuta ni mimi.

Sikukasirika. Niliona haya. Nilikuwa nakusukuma wewe upande cheo, huku mimi mwenyewe nimepanga foleni ya kushuka. Barua yako ya chupa ya maji ndiyo iliyonivuruga. Nilipomaliza kucheka nilitaka nami nikusimulie siku yangu, nikakaa na karatasi, nikakosa cha kuandika. Nilikuwa na vikao. Kazi hii nimeipanda tangu nikiwa mpiga chapa, na sijutii, nilitaka kupanda nikapanda. Ila huku juu hakuna anayeniletea maji machafu. Wananiletea karatasi zinazosema maji ni safi, nami natia saini. Nataka kuendesha kitu ninachokiona kwa macho yangu. Wewe ulikwisha kukataa, nikasema kiti hakina mwenyewe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, na nilipoinua kichwa nikakukuta wewe.

Mle ndani waliniuliza nimefanya kosa gani. Hawakuamini kwamba mtu mwenye akili zake anaweza kutaka kushuka, wakadhani nakimbia jambo. Nilibabaika, wifi. Nilikaa pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kukimbia.

Wakikupa, chukua. Nakuomba.

Wifi yako

*

Dirishani
Alhamisi, 6 Mei

Wifi,

Jana walinipigia. Wamenipa. Nimekataa.

Kabla hujakunja uso, soma mpaka mwisho. Ndani ya kile chumba sikuogopa. Maswali mengine sikuyajua nikasema siyajui, mengine niliyajibu mpaka mwenyekiti akaniambia inatosha, mama. Nilitoka nikijua kwamba ningeweza. Hilo ndilo nililolifuata huko, nimelipata, nimerudi nalo nyumbani na nina furaha nalo. Mdogo wako ameniuliza kama nina uhakika, nikamwambia ninao.

Sijakataa kwa ajili yako. Nalisema mapema kwa sababu nakujua.

Wako wa dirishani

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 10 Mei

Wifi,

Nami nakujua. Ijumaa wamenipigia mimi. Kumbe nilikuwa wa pili. Nimewaomba siku chache.

Sitaki makombo. Mtu hapewi kiti akakataa hivihivi, na kwa bahati kikamwangukia wifi yake aliyekwisha kumlilia kwenye barua. Mimi ndiye mkubwa kwetu. Nimezoea kuwa mtoaji, na kupokea sikujui, nikipokea nahisi nimepigwa. Kama umeniachia, niambie tu. Nitawajibu hapana, nawe ubadili jibu lako kama bado muda upo, na hatutagombana.

Kama hukuniachia, kuna pengo hujalijaza. Kutoka siku ya usaili mpaka siku ya ile simu ni wiki mbili, na hujaniambia kilichotokea ndani yake. Mtu aliyetoka chumbani akijua anaweza, ni nini kilichomrudisha? Nataka ukweli, hata kama hauna adabu.

Wifi yako

*

Dirishani
Alhamisi, 13 Mei

Wifi,

Haya, umeuomba mwenyewe. Nilitaka kuuficha kwa kuwa haunipambi.

Wiki iliyofuata baada ya usaili, Mzee alikwenda kliniki ya macho, akaniachia ofisi yake siku nzima nimkaimu. Dirishani tukamweka fundi. Basi nikakikalia kile kiti. Kinazunguka, na nakiri nilikizungusha. Nikapokea simu, nikatia saini, nikawatuma mafundi kwenye bomba la nyuma ya shule, na kabla ya mchana lile jambo la miezi likawa limekwisha. Nilifurahi, wifi, usifikiri sikufurahi. Nilijiona nafaa.

Halafu nikasikia kupitia ukutani mwalimu mstaafu amefika kusema maji yametoka. Fundi akamjibu kitu, wakaangua kicheko wote wawili, na sikusikia wanachekea nini. Nikashikwa na wivu. Wivu wenyewe hasa, kama wa mwanamke aliyemwona mumewe na mwingine sokoni. Nikatoka nikijifanya natafuta stapla. Mwalimu alikwisha kuondoka, na fundi, mpumbavu yule, hakukumbuka walichochekea. Nikarudi nikakaa mpaka jioni, mkono unaandika, masikio yangu yakiwa nje. Nilimchukia fundi siku nzima, na hajanikosea chochote.

Jioni nikamweleza mdogo wako. Akaniuliza, "Dada asingeomba, ungekichukua?"

Nikafikiri sana, maana nilijua na wewe utaniuliza. Nikamwambia, "Nisingekichukua. Ningekikalia kila siku nikimwonea wivu aliyekaa mahali pangu."

Ndiyo hayo. Ulisema naogopa, na kwa hilo nakushukuru, kwa sababu bila wewe nisingekwenda kuhakikisha. Hujaachiwa kitu. Nimekaa na changu. Ukija, nakuomba jambo moja, usije ukanipandisha cheo.

Wako wa dirishani

*

Ghorofa ya saba
Jumatatu, 17 Mei

Wifi yangu,

Nimetia saini asubuhi ya leo. Wivu wako ndio ulionitoa shaka. Mtu anayetaka kumwachia mwenzake hutafuta sababu ya heshima. Hii yako haina heshima hata kidogo, na nimeiamini yote.

Huku wananipa pole. Mmoja ameniletea maua, na mkurugenzi amenishika mkono kwa mikono yake miwili kama tuko msibani. Nimewaambia nashuka kwa miguu yangu, hawanisikii. Nimeshazungumza na mwenye nyumba. Kwanza aliniuliza habari za ngoma, kisha tukaelewana. Cheo sitakupandisha. Ukikosea nitakusema mbele ya fundi, nami nikikosea uje mlangoni kwangu unisute bila kupiga hodi. Nina furaha, wifi. Nimesahau jinsi inavyoandikwa lakini ni hiyo.

Limebaki jambo moja, na nalileta kwako kama mteja. Miaka yote niliyokaa huku, kila likizo mlinialika. Kila likizo nilisema nina kazi. Nanyi mkasema haya, shangazi ana kazi, mkafunga simu mkaendelea kula. Hata mara moja hamkuja kunitoa. Mdogo wangu hakuja, nawe hukuja. Na ningekuja, wifi. Mngegonga mlango tu, ningechukua koti langu nikawafuata. Nilikuwa nasema nina kazi, na mlikuwa mnaniamini.

Hilo ndilo lalamiko langu. Nitafika Julai mosi, nitapanga foleni kama watu wengine, na nataka unijibu.

Wifi yako